Tabia ya Mazoezi kwa Vijana Wanaojifunza Ala za Taarab

Kijana anayejifunza ala ya muziki huulizwa mara nyingi amefanya mazoezi kwa muda gani, na ni nadra kuulizwa katika muda huo amerekebisha nini. Swali la kwanza hujibika kwa urahisi kwa sababu saa hupimika, lakini la pili ndilo linaloonesha kama vidole na sikio vimefaidika. Makala hii inashikilia kwamba tabia ya kwanza ambayo mwanafunzi anapaswa kuijenga, kabla ya kuongeza muda na kabla ya kuongeza nyimbo, ni ile ya kulisikia kosa lake mwenyewe, kulitambua lilipo na kulishughulikia papo hapo, na kwamba taratibu nyingine zote, kuanzia ratiba hadi usingizi, zina thamani kwa kadiri zinavyoisaidia tabia hiyo. Mifano inatoka kwa vijana wa Zanzibar wanaojifunza udi, kanuni, fidla na nai, ingawa mengi yanayoelezwa yanamfaa pia mpiga gitaa wa Mombasa au mpiga kinanda wa kanisani Dodoma.

Imani kwamba saa ndizo zinazomfanya mtu kuwa stadi ilipata nguvu duniani kutokana na utafiti uliochapishwa mwaka 1993 na mwanasaikolojia K. Anders Ericsson pamoja na wenzake, ambao waliwachunguza wanafunzi wa fidla wa chuo cha muziki cha Berlin ya Magharibi. Kwa makadirio yaliyotolewa na wanafunzi wenyewe, wale waliohesabiwa kuwa bora kabisa walikuwa wamejizoeza peke yao kwa takriban saa 7,400 kufikia umri wa miaka 18, wale wazuri kwa takriban saa 5,300, na wale waliokuwa wakiandaliwa kuwa walimu kwa takriban saa 3,400. Watu wengi waliusoma utafiti huo kana kwamba ulihusu hesabu ya saa peke yake, ilhali watafiti wale walikuwa wakizungumzia aina maalumu ya kazi waliyoiita mazoezi ya makusudi, yaani kazi inayolenga udhaifu uliobainishwa, inayodai umakini wote wa mwanafunzi na inayompa taarifa ya haraka kuhusu matokeo yake. Utafiti huo uliporudiwa na watafiti wengine na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2019, wingi wa saa haukuwatenganisha tena wapigaji bora kabisa na wale wazuri, jambo linaloonesha kwamba saa nyingi ni za lazima kwa anayetaka kufika mbali, lakini peke yake hazielezi ni nani atakayefika.

Utafiti mwingine, mdogo kwa ukubwa lakini wenye manufaa makubwa kwa mwalimu, ulifanywa katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin na kuchapishwa mwaka 2009. Wapiga piano 17 wa ngazi ya juu walipewa kipande kifupi kigumu kutoka katika kazi ya mtunzi wa Urusi Dmitri Shostakovich, wakaachwa wajizoeze hadi watakaporidhika, kisha wakapimwa siku iliyofuata. Waliofanya vizuri zaidi hawakuwa wale waliokaa muda mrefu zaidi wala waliokirudia kipande mara nyingi zaidi. Kilichowatofautisha na wenzao ni namna walivyolipokea kosa: walilitambua mara lilipotokea, wakasimama, wakapunguza kasi, wakakirudia kisehemu kile kile mpaka kosa likaondoka, na hawakuruhusu vidole vikalizoea. Wote walikosea, tofauti ilikuwa katika kilichofuata baada ya kukosea.

Sasa hali hiyo ilinganishwe na ya watoto. Gary McPherson na James Renwick, waliowarekodi watoto wachache wa Australia wakijizoeza nyumbani, waliripoti mwaka 2001 kwamba zaidi ya asilimia 90 ya muda wa watoto hao ilitumika kuupiga wimbo au zoezi mara moja kutoka mwanzo hadi mwisho, bila mbinu yoyote ya kuliboresha. Si haki kuwalaumu watoto kwa hilo. Mtoto huupiga wimbo wote kwa sababu wimbo ndio aliopewa kama kazi ya nyumbani, na kwa sababu hakuna aliyemwonesha kwamba kusimama katikati ni sehemu ya kazi. Mwalimu anayemwambia mwanafunzi “kafanye mazoezi” bila kumwonesha mazoezi yenyewe yanavyofanywa amemkabidhi mzigo usio na mpini.

Katika Zanzibar suala hili lina sura yake. Tangu kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa kilipoasisiwa mwaka 1905, na baadaye kile cha Culture Musical Club mwaka 1958, kijana alijifunza taarab zaidi kwa kukaa karibu na wakubwa, kusikiliza na kuiga, na hapakuwa na mstari mkali kati ya kujifunza na kushiriki. Kuanzishwa kwa Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi katika Mji Mkongwe mwaka 2002 kuliongeza masomo ya darasani, nota zilizoandikwa na mitihani. Njia zote mbili ni za thamani, na mwanamuziki aliyepita katika zote mbili ana bahati, lakini zote zinaweza kumpa kijana dhana moja yenye madhara, nayo ni kwamba mazoezi ya kikundi yanatosha. Mazoezi ya kikundi hukusudiwa kuwapatanisha wapigaji: nani aingie lini, kibwagizo, yaani sehemu ya ala inayojibu uimbaji, kirudiwe mara ngapi, na mwimbaji apewe nafasi kiasi gani. Hayakukusudiwa kumfundisha mtu vidole vyake. Kijana anayejifunza ndani ya kundi tu huzoea kujificha katika sauti ya wenzake, hupita juu ya sehemu zinazomshinda bila mtu kutambua, na udhaifu huo hudumu kwa miaka mpaka siku anapotakiwa kupiga peke yake. Kwa hiyo anahitaji muda wa faragha na ala yake, hata ukiwa mfupi, ambamo kila sauti inayotoka ni yake na hakuna wa kuifunika.

Kabla ya kurekebisha kosa mtu hana budi kulisikia, na ala za taarab zinadai sikio kali kuliko ala nyingi. Udi na fidla hazina vizuizi juu ya shingo vinavyomwonesha mpigaji mahali pa kuweka kidole, hivyo tofauti ya milimita chache huibadili sauti. Isitoshe, taarab imerithi maqamu za muziki wa Kiarabu, yaani mifumo ya sauti ambayo kila mmoja una ngazi zake, sauti zake za kutulia na njia zake za kupanda na kushuka. Katika maqamu ya Rast, kwa mfano, sauti ya tatu hukaa takriban katikati ya mahali pawili ambapo piano ingeiweka, mahali ambapo nadharia hupaita robo ya sauti. Kijana aliyelelewa na kinanda cha umeme ataisikia sauti hiyo kama kosa na ataisahihisha kwa kuiharibu. Dawa yake ni kusikiliza kabla ya kupiga: achague rekodi moja ya mpigaji anayeaminika, asikilize kipande cha sekunde chache, akiimbe kwa mdomo mpaka kikae, ndipo akitafute kwenye uzi. Kuimba kuna faida ya pekee kwa kuwa koo haliwezi kutegemea nafasi ya kidole, na anayeweza kuimba sauti kwa usahihi tayari ana kipimo cha ndani cha kuuhukumu mkono wake.

Mpiga kanuni ana mtihani wa ziada. Ala yake ina nyuzi zaidi ya 70, na kwa kawaida kila sauti hutolewa na nyuzi tatu ambazo hazina budi kulingana sawasawa. Daraja linalozibeba hukaa juu ya ngozi, na ngozi hulegea hewa inapojaa unyevu, kama ilivyo Zanzibar wakati wa masika, hivyo ala iliyopatanishwa vizuri jana inaweza kuwa imepotoka leo asubuhi. Wanafunzi wengi huiona kazi ya kupatanisha nyuzi kama kodi inayolipwa kabla ya muziki kuanza, na hapo hupoteza nafasi bora ya kulinoa sikio waliyo nayo. Kuzipatanisha nyuzi tatu mpaka mawimbi ya mgongano wa sauti yatoweke, kisha kuilinganisha sauti hiyo na ya oktavu yake, yaani sauti hiyo hiyo juu au chini, ni zoezi la kusikia lisilo na mbadala. Hata hivyo kuna mpaka. Mwanafunzi mchanga mwenye nusu saa tu asiimalize kwa kupatanisha ala nzima. Apatanishe vizuri eneo la katikati atakalolitumia siku hiyo, afanye kazi yake, na kazi ya ala nzima aitengee siku ya mapumziko ya shule. Ala yenyewe isiachwe dirishani, juani, wala karibu na ukuta unaotoa maji.

Kosa likishasikika, lipatiwe anwani. Mwanafunzi asiseme kwamba bashraf, yaani kipande cha ala kinachofungua onesho la taarab, inamshinda. Aseme ni wapi hasa. Mara nyingi ugumu haumo ndani ya sauti fulani bali katika kivuko kati ya sauti mbili: kidole kinachopaswa kuhamia uzi mwingine, mkono unaopanda shingoni, upinde wa fidla unaobadili mwelekeo wakati kidole nacho kinahama, au mkono wa kushoto wa mpiga kanuni unaopaswa kuinua kishikizo cha chuma ili kubadili sauti huku wa kulia ukiendelea. Kivuko hicho kitolewe peke yake, sauti mbili au tatu tu, kipigwe polepole kiasi ambacho kukosea kunakuwa vigumu, kisha kiongezewe sauti moja ya nyuma na moja ya mbele, hatua kwa hatua, mpaka kiungane tena na wimbo. Hatua hii ya kukirudisha kipande kwenye wimbo husahaulika sana, na ndiyo sababu mwanafunzi hulalamika kwamba alikuwa anaweza jana akiwa peke yake na leo mbele ya mwalimu ameshindwa: alikijua kisehemu, lakini hakujua kuingia ndani yake wala kutoka.

Kuhusu kasi, inafaa kusisitiza kwamba upole si adhabu wala si alama ya mwanafunzi dhaifu. Mwili hujifunza kile unachokifanya, kosa likiwemo, na kurudia haraka jambo ambalo bado halijakaa ni kulifundisha kosa kwa bidii. Metronomu, kifaa kinachogonga mapigo kwa kasi iliyopangwa, husaidia, na siku hizi hupatikana kama programu ya simu. Lakini kwa taarab kuna msaada bora zaidi: mwanafunzi mwenzake anayejifunza dumbak, yaani ngoma ya taarab, apige wahed unus, mizani iliyoenea sana katika muziki huu, kwa kasi ndogo isiyobadilika, huku kijana wa udi akikizungusha kipande chake juu yake. Metronomu humwambia mpigaji kama amechelewa, ilhali dumbak humwambia pia uzito wa kila pigo uko wapi, na bila uzito huo hata sauti sahihi hazitoi ladha ya taarab. Mpiga dumbak naye hufaidika, kwa sababu kuishika mizani polepole ni kazi ngumu kuliko kuikimbiza.

Simu hiyo hiyo ina kazi nyingine. Mtu anapopiga, sehemu kubwa ya akili yake iko kwenye vidole, na anachodhani anakisikia mara nyingi ni kile alichokusudia. Kujirekodi dakika moja au mbili kila siku, kisha kusikiliza ala ikiwa imewekwa chini, humrudishia sikio la msikilizaji. Asikilize akiwa na swali moja: je, sauti ya tatu ya Rast imeshuka? Je, kasi imepanda kuelekea mwisho? Akisikiliza bila swali atatoka na furaha au huzuni tu, na hakuna kati ya hizo inayomwambia la kufanya kesho. Rekodi hizo si za kusambazwa. Kijana anayejizoeza huku akifikiria watazamaji huanza kuchagua sehemu anazozijua ili apendeze, na sehemu hizo hazihitaji mazoezi.

Suala la muda linaweza sasa kuzungumziwa bila kulipa uzito usio wake. Mtoto wa miaka minane au tisa atapata zaidi katika robo saa ya kila siku kuliko katika saa mbili za Jumapili, kwa kuwa kumbukumbu ya mwili hujengeka kwa kurudiwa baada ya vipindi vya mapumziko, na kwa kuwa usingizi wa usiku una kazi katika kuimarisha mienendo ya vidole iliyojifunzwa mchana. Kijana wa sekondari anaweza kufikia saa moja au zaidi, ikigawanywa katika vipande vyenye pumziko kati yake. Hata wanafunzi bora wa Berlin kwa kawaida hawakuzidisha saa moja na nusu kwa kikao kimoja. Mtoto wa Zanzibar huwa na shule, na wengi huongeza chuo cha Kurani, hivyo ratiba inayosema tu “jioni” itashindwa. Muda ushikamanishwe na jambo ambalo tayari limo katika siku, kwa mfano mara baada ya sala ya alasiri au nusu saa kabla ya kuvaa sare za shule, na mahali pawe pale pale, ala ikiwa karibu na tayari. Katika nyumba za Mji Mkongwe, ambapo kuta zinagusana na sauti inavuka uchochoro, ni adabu pia kukubaliana na majirani kuhusu saa zinazofaa.

Ndani ya kikao chenyewe, mwanafunzi aliyekwisha kuvuka hatua za mwanzo asimalize kabisa jambo moja ndipo aende la pili. Akiwa na vivuko viwili vigumu na skeli moja, yaani ngazi ya sauti za maqamu zikipigwa kwa mpangilio, azizungushe: dakika chache huku, dakika chache kule, kisha arudi. Njia hii humfanya ajihisi mzito kwa sababu kila anaporudi hukuta sehemu ya alichokijenga imepoa, lakini jitihada ya kukikumbuka upya ndiyo inayokifanya kidumu, na watafiti waliojaribu njia hiyo kwa wapiga klarineti wameona dalili za manufaa yake. Raha ya kukirudia kitu kimoja mara 30 mfululizo, ambapo mara ya 30 inateleza vizuri, mara nyingi hudanganya. Kipimo cha kweli ni namna kitakavyotoka kesho yake kwa mara ya kwanza, kabla ya vidole kupata moto.

Daftari dogo linafaa kuongozana na haya yote. Mwisho wa kila kikao mwanafunzi aandike sentensi moja ya alichokirekebisha na nyingine ya atakakoanzia kesho. Sentensi hii ya pili inaondoa kikwazo kikubwa cha vijana, yaani zile dakika za mwanzo ambazo huishia katika kupiga wimbo unaopendwa kwa sababu hakuna uamuzi uliofanywa. Wimbo unaopendwa nao upewe nafasi, na upewe bila kuonewa haya, ila uwe mwishoni. Kijana ambaye hapati kamwe kupiga kwa furaha ataiacha ala, na mpango wowote wa mazoezi usiolijua hilo haumfai mtoto.

Yapo pia mazoezi yasiyohitaji ala mkononi, na umuhimu wake ni mkubwa pale ambapo udi mmoja au kanuni moja hutumiwa kwa zamu na wanafunzi kadhaa. Anayesubiri zamu yake anaweza kuupitia wimbo kichwani, akiona vidole vinakokwenda na kuisikia kila sauti ndani yake. Anaweza kupiga mizani kwa viganja huku akiimba lahani. Anaweza kutafuta katika rekodi mahali ambapo mpigaji anahama kutoka maqamu moja kwenda nyingine. Akipata ala, dakika zake chache zitatumika kuthibitisha, wala hatalazimika kuanza kutafuta.

Taksim ihesabiwe kuwa sehemu ya mazoezi tangu mapema. Taksim ni upigaji wa papo kwa papo wa mtu mmoja, usiofungwa na mapigo, ambamo mpigaji huifunua maqamu hatua kwa hatua kabla ya wimbo au katikati yake. Vijana wengi huichukulia kama kipaji ambacho mtu anacho au hana, kumbe nayo hujengwa. Aanze kwa kujiwekea mipaka: sauti nne za mwanzo za maqamu, dakika mbili, sentensi fupi za muziki zinazorudi kila mara kwenye sauti ya kutulia. Mipaka hiyo humlazimisha kutafuta maana katika kidogo alicho nacho, na humzuia kukimbiza vidole ili kuficha kwamba hana la kusema.

Wazazi na walezi wana nafasi hata kama hawajui kushika upinde. Mzazi asiyejua muziki hawezi kusahihisha sauti, lakini anaweza kuuliza, “Leo unarekebisha nini, mwanangu?” na kusikiliza jibu kwa heshima. Swali hilo linamfundisha mtoto kwamba nyumbani pia kinachothaminiwa ni kazi. Kumsifu kila apigapo humzoesha kungoja sifa, na kumfokea kwa kurudia kipande kile kile, kwa kuwa kinawachosha waliopo sebuleni, ni kumkataza kufanya hasa lile alilofundishwa.

Kuhusu maumivu pasiwe na mjadala. Uchovu wa misuli unaoondoka baada ya pumziko ni wa kawaida, na ncha za vidole za mwanafunzi anayeanza udi zitauma mpaka zijenge sugu, lakini ganzi, mchomo au maumivu ya kifundo, kiwiko au bega ni amri ya kusimama siku hiyo na kumweleza mwalimu, na yakirudi, kumwona daktari. Mtunzi wa Ujerumani Robert Schumann alipoteza uwezo kamili wa mkono wake wa kulia mwanzoni mwa miaka ya 1830, akiwa kijana aliyekusudia kuwa mpiga piano, na ingawa chanzo cha hali hiyo kinajadiliwa hadi leo, mkono haukurudi. Mara nyingi chanzo cha maumivu kwa vijana ni cha kawaida: ala kubwa kwa mtoto mdogo, kiti kibaya, kidole gumba kinachoibana shingo ya ala, au mwezi wa onesho ambao saa za mazoezi zimeongezwa ghafla.

Mwaka wa taarab una pengo lake. Mwezi wa Ramadhani maonesho husimama Zanzibar, na siku za Idi hurudi kwa wingi, hivyo kijana huweza kutoka katika wiki kadhaa za ukimya na kuingia moja kwa moja katika usiku mrefu wa kupiga. Pengo hilo halina madhara likipangwa. Kabla ya mwezi kuingia, achague nyimbo atakazohitajika kuzipiga Idi na aviandike vivuko vyake vigumu. Katika mwezi wenyewe, kwa kadiri familia yake inavyoona inafaa, asikilize, aimbe kimya na kuvipitia kichwani. Na pale ala inaporudi mikononi, siku tatu au nne za kwanza ziwe za vikao vya robo saa vyenye pumziko refu, kwa kasi ndogo, ili sugu za vidole zilizolainika na misuli iliyopoa zipate kurudi kabla kundi halijaanza kupiga kwa nguvu zote.